Funza Waliokula Mahindi

Kutoka Kalokol hadi Nakuru nilitumia siku tisa, ingawa dereva alikuwa ameniahidi tatu. Siku mbili za kwanza nilikaa juu ya magunia ya samaki wakavu, nikitazama nyuma kule ziwa Turkana lilikokuwa limeshazama machoni. Karibu na Lokichar ekseli ya lori ikakatika. Tukakaa hapo siku mbili tukisubiri nyingine iletwe kutoka Kitale, na kivuli chetu kilikuwa lori lenyewe. Kitale nilipakua mahindi ili nibebwe hadi Eldoret. Eldoret nikapata lori la mbao linaloenda Molo.

Molo ilinionyesha kwamba sikuwa nimejiandaa kwa baridi. Kule Turkana shati la mikono mirefu ni mzigo, kwa hiyo nilikuwa na shati moja tu la mikono mifupi. Nilipakia viazi asubuhi mbili nikiwa nimetoboa gunia na kulivaa kama kanzu, na wapakiaji wenzangu walicheka mpaka mmoja akanipa sweta la mke wake. Ndilo nililovaa nilipoteremka Nakuru, nimekaa juu ya mzigo wa viazi, na ziwa likatokea chini ya mji likiwa jeupe, pembeni limepakwa rangi ya waridi. Nikasema moyoni, hapa nitapumzika wiki moja.

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Nilizaliwa Voi na kumaliza kidato cha nne hukohuko, na tangu siku ile sikuwa nimekaa mahali pamoja kwa miaka mitatu. Nikiwa mahali nataka kuondoka; nikishaondoka napakumbuka mpaka nakosa usingizi. Sijui ugonjwa huo unaitwaje. Ilikuwa katikati ya mwaka 2007, na ile wiki moja iligeuka kuwa mwaka na nusu.

Kazi niliipata dukani. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Free Area, nikaingia mjini kununua kamba ya kuanikia nguo katika duka la mzee mmoja Mhindi aliyeuza kamba, misumari na nyavu. Mbele yangu alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, amevaa koti jeupe la maabara. Alikuwa anataka wavu wa matundu madogo na alikuwa akieleza vibaya. Nikamwambia wavu alioushika utawapitisha samaki wote anaowataka na kumwachia majani.

"Wewe ni mvuvi?" akaniuliza.

"Nilikuwa."

"Unajua kuandika? Mwandiko unaosomeka?"

Yule mzee wa duka akadakia kabla sijajibu. "Boss, chukua yeye. Wewe iko hapa nusu saa, yeye dakika moja amemaliza."

Hivyo ndivyo nilivyofikishwa Kiamunyi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo sebule yake ilikuwa imegeuzwa maabara. Kijana yule alikuwa fundi wa maabara. Babu yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe hakuwa amelala nje ya Nakuru zaidi ya mara tano. Bosi wetu alikuwa mwanamke aliyekuwa akisomea shahada ya juu kabisa. Hakuwa ameimaliza, lakini sote tulimwita Daktari, naye hakubisha.

Daktari alitaka kujua nani anamla nani katika kijito kimoja kinachoshuka kutoka upande wa Mau, kinachopita mashamba na pembe ya mji, na kuishia kwenye kinamasi. Alitaka pia kujua madini mabaya, kama zinki na risasi, yanapanda vipi kutoka kwenye matope hadi kwa ndege. Njia yake ilinishangaza. Hakukaa kuwavizia wanyama wakila. Alichukua kipande kidogo cha mwili wa kila mmoja, akakikausha, akakisaga, na kukipeleka ng'ambo kwenye mashine inayopima isotopu, yaani aina za kitu kimoja zenye uzito tofauti.

Alinieleza siku ya kwanza akiwa anaosha vyombo. Kaboni ziko mbili, alisema, nyepesi na nzito kidogo, na zote zimo katika kila chakula. Mahindi, miwa na nyasi nyingi za kwetu hubeba ile nzito zaidi kuliko miti, maharagwe na mwani. Anayekula mahindi mwili wake unajengwa kwa kaboni ya mahindi. Nitrojeni nayo ina nzito na nyepesi, na ile nzito huongezeka kila mmoja anapomla mwenzake, kama ngazi. Kinyesi cha ng'ombe na maji ya vyoo pia huipandisha.

"Kwa hiyo nikikupa ukucha wangu utajua ninachokula?" nikamwuliza.

"Nitajua unakula ugali."

"Hilo hata fundi anajua."

Nikaipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Tulikuwa na vituo vinne kwenye kijito. Niliingia majini na ndoo na chujio, nikachota matope, nikayaosha mpaka wakabaki funza wekundu, wale wembamba kama uzi wanaoishi topeni kabla hawajawa visubi. Ndio waliokuwa msingi wa kila kitu, kwa sababu samaki wadogo na vyura waliwala hao. Niliwaokota mmojammoja kwa kibanio, nikawaweka chupani, nikaandika kituo na siku. Nyumbani tuliwakausha kwenye oveni, tukawasaga katika kinu kidogo cha kauri, na unga wao tukautia katika vikopo vya bati vyenye ukubwa wa punje ya mtama. Mwenye nyumba, Mhindu asiyekula hata yai, alikuja mara mbili kuuliza harufu ile ni ya nini. Fundi alimwambia ni ya elimu.

Duru ya kwanza ya sampuli ilikwenda salama. Majibu yalirudi kabla mwaka haujaisha, na kila kituo kilikuwa na mantiki yake.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza wa 2008. Yaliyotokea Nakuru wakati ule, baada ya uchaguzi, wanayajua waliokuwapo, na mimi nitasema machache tu. Fundi na mimi tulijifungia Kiamunyi na friza letu la sampuli. Tulisikia mji kwa mbali. Watu wengi walihama, wengine hawakurudi. Daktari alikuwa Nairobi na alipiga simu kila siku kuuliza habari zetu, na hakuuliza hata mara moja habari za friza.

Barabara zilipofunguka tukarudi majini. Kwenye kituo cha tatu, kilicho juu kidogo ya kinamasi, maji yalikuwa na harufu ya uchachu. Mwanamke aliyekuwa akifua hapo aliniona nikinusa.

"Ni machicha, mzee," akasema. "Wanamwaga huko juu."

Nikacheka. Mimi ni mtu wa Voi. Kwetu machicha ni yale yanayobaki ukishakamua nazi tui lote. Nikafikiri, ni nani Nakuru hii anayekuna nazi nyingi hivyo mpaka zinuke mtoni? Nikajua ananitania kwa ajili ya lafudhi yangu, kama watu wengi walivyofanya. Naye aliponiona ninacheka akacheka pia. Sikuandika neno daftarini.

Majibu ya duru hiyo yalikuja mwezi wa sita. Daktari alituita wote wawili, akageuza kompyuta tuione. Vituo vitatu vilikuwa vilevile. Funza wa kituo cha tatu walikuwa wamehama. Kaboni yao ilikuwa imeruka juu hadi mahali ambapo mahindi hukaa.

"Inaweza kuwa kinyesi cha ng'ombe," Daktari alisema. "Ng'ombe anakula nyasi, kaboni ni hiyohiyo. Lakini basi nitrojeni ingepanda, na haijapanda. Hii ni kama mtu amechukua unga wa mahindi akaumwagia kwenye sampuli."

Fundi alinitazama mikono.

"Mzee," akasema, "si vibaya, nauliza tu. Hawa funza ulikuwa unawachambua ukiwa unakula?"

"Fundi, mimi hula mezani kama watu wengine."

"Ni vile wakati ule tulikuwa tumetoka tu kufungiwa hapa, unga ndio ulikuwa bado chakula, asubuhi ugali, mchana ugali. Mkono ukibaki na unga kidogo tu, hii mashine inaona."

"Na mkono wako je?"

"Mimi navaa glavu."

Ilikuwa kweli. Yeye alivaa glavu na mimi, nikiwa majini, sikuvaa, kwa sababu huwezi kumshika funza mwembamba hivyo na mpira vidoleni. Daktari hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Alisema kwa upole kwamba ataondoa kituo cha tatu katika kazi yake, na kwamba kuanzia mwezi unaofuata fundi ndiye atakayekusanya. Mimi ningebaki kuosha chupa.

Nimewahi kufukuzwa kazi, tena mara nyingi. Sikuwahi kujali. Safari hii nilijali, kwa sababu nilijua mikono yangu ilikuwa safi na hakuna aliyekuwa tayari kuiamini. Nilitaka kuondoka jioni ileile. Nikatoa hata begi chini ya kitanda. Kisha nikaona kwamba nikienda, wataniita mla ugali maisha yao yote, na kila atakayesoma kazi ya Daktari atakuta pengo mahali pa kituo cha tatu, na pengo hilo litakuwa mimi. Nikarudisha begi.

Asubuhi nikamwambia Daktari anipe wiki mbili.

"Za kufanya nini?"

"Za kutembea. Kama ni mikono yangu, funza wa kila mahali nitakapogusa watakuwa na mahindi. Kama si mikono yangu, yatakuwa yanaanzia mahali fulani. Nitapanda kijito hatua kwa hatua mpaka nipaone."

Alifikiri. Akakubali kwa sharti moja, kwamba fundi aende nami, na yeye ndiye afunge kila chupa. Mimi nikaongeza sharti langu, kwamba kwa wiki hizo mbili sitagusa mahindi. Nilikwenda sokoni nikanunua gunia dogo la viazi vya Molo. Nilikula viazi vya kuchemsha, viazi vya kukaanga, viazi na maharagwe. Fundi aliona hiyo ni sinema.

"Kwa kweli mzee umekata shauri," aliniambia siku ya tatu, ameshika tonge lake. "Mimi bila ugali siku mbili ningeanza kuongea na kuta."

"Kula polepole. Usije ukamwagia funza."

Tulianza kituo cha tatu na kupanda. Kila hatua mia mbili nilisimama, nikaingia, nikachota, nikachambua, naye akaziba chupa na kuandika. Mimi nilihesabu hatua kwa sauti na yeye alinikosesha hesabu makusudi, akitaja bei za vitu. Siku ya nne harufu ya uchachu ikawa nzito. Tukapita chini ya miti ya bluugamu, ile mikaratusi mirefu, tukatokea nyuma ya kibanda cha mabati. Kulikuwa na mapipa, moto, na mama mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani. Alipotuona na chupa zetu akasimama.

"Nyinyi ni wa chifu?"

"Hapana mathe," fundi akasema. "Sisi ni wa funza."

Mama akatutazama, kisha akatazama ndoo yetu. "Hiyo kazi iko?"

"Iko."

"Na mnalipwa?"

"Kidogo."

Akacheka mpaka akakaa. Alikuwa akipika pombe ya mahindi, na nyingine aliivukiza kwenye pipa la bati kupata ile kali. Kando ya kibanda kulikuwa na lundo la makapi yaliyochacha, rangi ya uji, yakitiririka taratibu kwenye mfereji hadi kijitoni. Nikauliza hayo ni nini.

"Machicha," akasema, kama mtu anayeulizwa maji ni nini.

Nilisimama pale nikahisi masikio yakipata moto. Mwanamke aliyekuwa akifua hakuwa ananitania. Aliniambia jibu miezi minne kabla, kwa neno langu mwenyewe la nyumbani, nami nikacheka nikifikiria nazi zangu.

"Zamani ulikuwa unamwaga hapa pia?" nikamwuliza.

"Nani amwage chakula? Kulikuwa na jamaa wa nguruwe hapo ng'ambo. Kila asubuhi alikuja na mkokoteni akabeba yote. Mwezi wa kwanza alihama na watu wake, nguruwe wenyewe sijui nani alikula. Sasa mimi nipeleke wapi? Ninywe?"

Fundi na mimi tukatazamana. Kwa hiyo ndiyo sababu duru ya kwanza ilikuwa safi. Mahindi yalikuwa yakiishia kwa nguruwe, na nguruwe walipoondoka yakaenda kwa funza. Tukachota machicha chupa moja. Tukavuka mfereji, tukapanda hatua mia mbili nyingine, na mia mbili nyingine, tukachukua funza wa juu ambako machicha hayafiki.

Nyumbani fundi alikausha, akasaga, akapima. Mimi sikugusa. Nilisimama mlangoni nimeweka mikono mfukoni, na nilikuwa naona ananikosea adabu kila alipopiga chafya karibu na sampuli.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kutembea. Sanduku lilikwenda ng'ambo na miezi ikapita. Niliosha chupa. Malori yalipita barabara kuu na kila moja lilinivuta shati. Katika maisha yangu sikuwahi kubanwa mahali na kitu kingine zaidi ya njaa, na sasa nilibanwa na vijichupa ishirini na kitu vilivyokuwa nchi nisiyoijua.

Majibu yalikuja asubuhi ya mvua. Daktari alituita tena mbele ya kompyuta, lakini safari hii alikuwa amesimama. Alikuwa amechora mstari kwa kufuata hatua zangu. Juu ya kibanda funza walikuwa wa kawaida. Mfereji ulipoingia, mstari uliruka kama mtu aliyekanyaga moto, kisha ukashuka polepole kuelekea kinamasi, na kituo cha tatu kilikaa juu yake palepale kilipotakiwa kukaa. Machicha ya chupa ile yalikuwa na kaboni hiyohiyo. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Zinki ilipanda na kushuka pamoja na mstari ule. Ilikuwa inatoka kwenye mapipa ya bati, ambayo hupakwa zinki yasishike kutu.

"Unga wa mikononi hauna zinki," Daktari akasema. Alisema akinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Kituo cha tatu hakitoki. Sasa ndicho sura nzima ya kazi yangu."

Fundi alijikuna shingo.

"Mzee, nilikosea."

"Ulikosea au ulinikosea?"

"Yote mawili."

Nikampa mkono, glavu yake na vidole vyangu vitupu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ya Kiamunyi nikicheka peke yangu, na mwenye nyumba aliyekuwa dirishani akafikiri hatimaye harufu imenipanda kichwani.

Wiki chache baadaye Daktari alialika watu wa maji, wa mbuga na wa shamba katika ukumbi mmoja mjini. Alieleza kwa Kiingereza, kisha akaniita mbele nieleze kijito kwa Kiswahili. Dakika ya kwanza nilitazama viatu vyangu. Halafu nikaanza kuhesabu hatua, na ukumbi ukatembea nami. Nilipofika kwa machicha na nazi, watu walicheka mpaka bwana mmoja akavua miwani. Ndiye aliyeuliza nilisomea wapi sayansi hii.

"Voi," nikasema. "Kidato cha nne."

Walipiga makofi. Mtu mwingine akataka kujua kibanda kiko wapi hasa. Nikamwambia kiko kati ya hatua moja na nyingine. Daktari alitazama karatasi zake. Kibanda chenyewe tulikuwa tumeshakishughulikia kwa njia yetu, kwani jirani yangu Free Area alifuga nguruwe watano na alikuwa hajui pa kupata chakula chao. Nilimpeleka kwa yule mathe mimi mwenyewe, wakaelewana wakiwa wamesimama. Fundi naye alimtafutia mama mapipa mengine, yasiyo ya bati, na alikataa kusema aliyapata wapi.

Mwisho wa mwaka kazi ya mtoni ilikwisha. Daktari aliniomba nibaki. Kulikuwa na kijito kingine, na wanafunzi wapya wangehitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kumshika funza bila kumkata. Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini nilikuwa nimeanza kuangalia lori tena, na safari hii hapakuwa na kitu cha kunibana.

Asubuhi ya kuondoka tulifunga sanduku la mwisho, lenye funza wa kituo cha tatu tangu nguruwe waanze kulishwa. Majibu yake sikuyasubiri. Siku iliyotangulia nilikuwa nimesimama majini pale na maji hayakunuka kitu, na samaki wadogo walikuwa wamerudi kunigonga miguu. Fomu ya sanduku ilikuwa na sehemu mbili za sahihi, ya aliyekusanya na ya aliyekagua. Hata baada ya mimi kurudishiwa ukusanyaji, fundi alikuwa bado akifungua kila chupa yangu, akaichungulia kwenye mwanga, ndipo atie sahihi. Nikatia yangu. Akavuta fomu, akatia yake, akabandika utepe wa gundi juu ya sanduku.

"Hujafungua," nikamwambia.

"Nifungue nione nini?" akasema, na akaenda kutafuta kalamu nzito ya kuandikia anwani.

Daktari alinipeleka barabarani kwa gari lake, akanipa barua ya sifa ndani ya bahasha ngumu, akanishika mkono kwa mikono miwili. Lori la kwanza nililopungia likasimama. Dereva alifungua mlango, akasogeza thamosi yake.

"Unaenda wapi, boss?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Maralal."

"Basi Maralal," nikasema, nikapanda.